Uzuri wa Mkakasi: Historia ya Rangi Zenye Risasi Nyumbani

Kama uko jikoni, endelea na shughuli zako huku umetega sikio. Kama mmeketi pamoja katika kikundi chenu cha akina mama, sogezeni redio karibu, kwani mwisho wa mazungumzo kuna maswali ya kujadiliana.

Leo tunazungumza juu ya rangi: ile tunayopaka ukutani, mlangoni, kwenye dirisha, kabati, viti na kitanda cha mtoto. Nani asiyependa nyumba ipendeze? Idi au Krismasi ikikaribia, mafundi wa rangi hutafutwa kila mtaa. Mama akiwa na mimba ya miezi minane, baba hutoa kile kitanda cha zamani stoo, akakipiga msasa na kukipaka rangi mpya, ili mgeni anayekuja apate pa kulala. Hayo yote ni mapenzi, na hakuna ubaya katika kupamba nyumba.

Lakini wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndani ya rangi nyingi nzuri zilizopakwa duniani kwa mamia ya miaka, mlikuwa na sumu. Sumu hiyo ni madini ya risasi. Usikiapo neno risasi, usifikirie bunduki peke yake. Risasi ni madini mazito ya rangi ya kijivu, laini kuliko chuma. Ndiyo yaliyomo katika betri ya gari, na ndiyo ambayo wavuvi wetu wa pwani wametengenezea chubwi za mishipi yao. Leo tutaeleza jinsi madini hayo yalivyoingia katika rangi za nyumba, jinsi watoto walivyodhurika, na kwa nini ilichukua miaka mingi sana kabla ya watu kukubali kuyaondoa. Tunaisimulia historia hii kwa sababu rangi za aina hiyo bado ziko katika nyumba nyingi.

KABLA YA RANGI YA KOPO

Watu wetu walipamba nyumba zao zamani sana kabla ya rangi ya kopo kufika. Huko Lamu, Pate na miji mingine ya pwani, mafundi walichoma mawe ya matumbawe kwa moto mkali wa kuni mpaka yakawa chokaa. Chokaa hiyo iliyopoozwa kwa maji ndiyo waliyojengea na kupakia kuta zikang'aa kwa weupe. Katika nyumba za wenye uwezo, hasa karne ya 18, walichonga nakshi kwenye plasta ya chokaa na kutengeneza safu za vidaka vya kuwekea vyombo vya kauri. Ukizuru Lamu leo utaona kazi hiyo kwa macho yako, na mji huo mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Bara nako, hasa sehemu za magharibi mwa nchi, kazi ya kupamba kuta ilikuwa ya akina mama. Walikanda udongo na samadi ya ng'ombe, wakasiriba ukuta ukawa laini, kisha wakachora kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na majivu. Wekundu wa udongo ule hutokana na kutu ya chuma iliyomo ardhini.

Si kwamba mapambo hayo hayakuwa na hatari yoyote. Chokaa mbichi huchoma macho na ngozi, kwa hiyo mtoto asiikaribie. Lakini kupamba nyumba kwa rangi nzuri hakukuhitaji madini ya risasi. Basi risasi iliingiaje?

KWA NINI RISASI ILITIWA KATIKA RANGI

Iliingia kwa sababu ilifanya kazi vizuri. Tangu zamani za Wagiriki na Warumi, watu walijua kwamba risasi ikiwekwa karibu na siki hubadilika ikatoa unga mweupe. Baadaye Waholanzi waliifanya kazi hiyo kuwa biashara kubwa: waliweka vipande vya risasi juu ya vyungu vyenye siki, wakavifunika kwa samadi ili vipate joto, wakaviacha kwa miezi kadhaa. Unga mweupe uliotoka ulisagwa na kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Hiyo ndiyo ikawa rangi nyeupe ya mafuta.

Rangi hiyo ilifunika mbao vizuri na kuhimili mvua, na pia ilichanganyika kwa urahisi na rangi nyingine. Katika nyumba za matajiri wa Ulaya, mafundi waliitumia kuigiza marumaru kwenye kuta za kawaida, na kufanya mbao duni zionekane kama mbao za thamani. Baadaye, katika karne ya 19, ilikuja rangi ya manjano iliyotengenezwa kwa risasi na kromiamu, ile manjano kali inayovutia jicho kutoka mbali. Pia kulikuwa na unga mwekundu wa risasi uliopakwa kwenye vyuma ili visishike kutu. Kwa hiyo nyeupe, manjano, nyekundu, na hata kijani iliyochanganywa kutokana na manjano ile, zote zingeweza kuwa na risasi.

Je, watu walijua kwamba ni sumu? Naam, walijua. Nikandro, tabibu na mshairi Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika juu ya mtu aliyemeza unga mweupe wa risasi na jinsi unavyomdhuru. Mwaka 1700, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, na humo akawataja wachoraji na wafinyanzi waliougua kwa kushika risasi kila siku. Mafundi wa rangi waliumwa na tumbo kwa namna ya kupindapinda, choo kikafunga, na mikono ikalegea hata kifundo kikashindwa kuinua kiganja. Lakini ilichukuliwa kuwa hayo ni maradhi ya kazi, na kazi ni ya watu wazima. Hakuna aliyefikiri kwamba ukuta ukishapakwa na kukauka, mtoto aliyekaa kando yake yuko hatarini.

WATOTO WA BRISBANE

Ndipo tunafika Australia, mji wa Brisbane, katika jimbo la Queensland. Ni mahali pa jua kali kama pwani yetu. Nyumba nyingi zilijengwa kwa mbao, zikiwa na baraza pana zenye vizuizi vya mbao vilivyopakwa rangi nyeupe. Watoto walicheza barazani humo kutwa nzima.

Mwaka 1892 madaktari wa mji huo, wakiwemo Alfred Jefferis Turner na John Lockhart Gibson, walitoa taarifa kwamba wanaona watoto wenye dalili za sumu ya risasi. Watoto hawa waliumwa na tumbo na kutapika. Wengine miguu na mikono ilipooza. Gibson alikuwa daktari wa macho, na aliletewa watoto ambao macho yao yalikuwa yakipoteza nuru. Lakini sumu ilitoka wapi? Mtoto si fundi wa rangi. Walichunguza maji ya matangi na vyombo vya nyumbani, na kwa miaka kadhaa hawakupata jibu.

Mwaka 1904 Gibson alitoa jibu lake. Sumu, alisema, iko kwenye rangi ya vizuizi vya baraza na kuta za vyumba. Jua la Queensland lilikausha rangi hadi ikawa unga. Mtoto alishika kizuizi, mikono yake midogo yenye jasho ikabeba unga huo, kisha akaweka vidole mdomoni. Gibson alikuwa ameona kwamba waliougua walikuwa hasa wale wanaonyonya vidole na kung'ata kucha.

Mpenzi msikilizaji, hebu tutue hapo kidogo. Ni mtoto gani asiyetia mkono mdomoni? Hiyo si tabia mbaya wala si ukosefu wa malezi. Ndivyo mtoto anavyoujua ulimwengu. Gibson hakusema watoto wachapwe ili waache kunyonya vidole. Alisema rangi yenye risasi iondolewe mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Wenzake wengi hawakumwamini kwa muda mrefu. Hata hivyo, mwaka 1922 Queensland ilipitisha sheria ya kukataza rangi ya risasi katika sehemu za nyumba ambazo mtoto angeweza kuzifikia. Ilikuwa miongoni mwa sheria za kwanza duniani kuhusu rangi zilizowekwa kwa ajili ya watoto. Tangu Gibson alipolitoa jibu lake hadi sheria ile kupita, ilikuwa imepita miaka 18.

KITANDA CHA BALTIMORE

Huko Marekani, katika mji wa Baltimore, mtoto wa kiume wa miaka 5 aliletwa hospitalini akiwa na degedege. Madaktari Henry Thomas na Kenneth Blackfan waliandika habari zake mwaka 1914. Mwanzoni ugonjwa ulionekana kama homa ya uti wa mgongo. Baadaye iligunduliwa kwamba mtoto huyu alikuwa akiguguna rangi nyeupe kwenye ubavu wa kitanda chake. Rangi hiyo ilikuwa ya risasi. Mtoto alifariki.

Watu hujiuliza, kwa nini mtoto ale rangi? Kwanza, meno yakiota ufizi huwasha, na mtoto huuma chochote kilicho karibu. Pili, baadhi ya chumvi za risasi zina ladha tamu. Warumi wa kale walichemsha maji ya zabibu katika masufuria ya risasi, na utamu ukazidi. Kwa hiyo ulimi wa mtoto haumwonyi.

SHERIA ZAANZA, BIASHARA YAENDELEA

Ulaya nako watu walianza kuamka. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1909 ya kukomesha rangi nyeupe ya risasi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mkataba wa kukataza rangi hiyo ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache. Mkataba huo pia ulikataza wanawake na vijana walio chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi za viwandani za kupaka rangi hiyo. Wakati huohuo, rangi nyeupe isiyo na risasi ilikuwa imeanza kupatikana, iliyotengenezwa kwa madini ya titaniamu. Basi hapakuwa na ulazima tena.

Hata hivyo, nchi nyingi ziliendelea. Marekani haikuuridhia mkataba ule wa 1921. Kampuni kubwa ya rangi ya risasi nchini humo ilikuwa na nembo ya mvulana wa Kiholanzi aliyeshika brashi, na katika miaka ya 1920 iligawa vitabu vya picha vya watoto kuisifu risasi. Katika rangi za nyumba za wakati ule, risasi ingeweza kufika nusu ya uzito wa rangi iliyokauka.

Mji wa Baltimore ulikataza rangi ya risasi ndani ya nyumba mwaka 1951. Katika miaka hiyo ya 1950, wasemaji wa viwanda vya risasi walipoulizwa kuhusu watoto waliougua katika mitaa ya watu maskini, waliwalaumu wazazi. Walisema tatizo ni wazazi wasiojua kulea, wanaowaacha watoto kula rangi. Mama aliyempoteza mwanawe akaambiwa kwamba kosa ni lake. Hakuwa ameitengeneza rangi ile, na kama alikuwa mpangaji, hakuichagua hata kidogo. Alichokuwa nacho ni mwenye nyumba asiyekarabati kuta, na rangi iliyokuwa ikibambuka kandokando ya kitanda.

Serikali kuu ya Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978. Hesabu mwenyewe kuanzia mtoto yule wa 1914: ni miaka 64.

MTOTO ALIYEPONA, JE, ALIPONA?

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto mwenye sumu ya risasi ama hufa, ama hupona kabisa. Mwaka 1943 huko Boston, daktari Randolph Byers na mtaalamu wa saikolojia Elizabeth Lord waliwafuatilia watoto 20 waliokuwa wametibiwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani kama watu waliopona. Kati ya hao 20, watoto 19 walikuwa hawafanyi vizuri shuleni. Walishindwa kutulia, walikasirika ovyo, masomo yaliwapita. Ugonjwa ulikuwa umeondoka lakini ubongo ulikuwa umeguswa.

Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman alichukua njia ya ajabu kidogo. Aliwaomba watoto wa shule katika miji miwili karibu na Boston wampe meno yao ya utotoni yalipong'oka. Jino huhifadhi risasi kama vile mfupa unavyohifadhi. Watoto hawa hawakuwa wamelazwa wala hawakuonekana wagonjwa. Lakini wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini katika vipimo vya akili kuliko wenzao, na walimu wao walisema hawatulii darasani.

Tangu hapo wataalamu wameendelea kushusha kiwango cha tahadhari. Katika miaka ya 1960 Marekani ilihesabu mtoto kuwa hatarini damu yake ikiwa na mikrogramu 60 za risasi katika kila desilita. Mwaka 1991 kiwango kilishushwa hadi 10, mwaka 2012 hadi 5, na mwaka 2021 hadi 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chochote cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

RISASI INAFANYA NINI MWILINI

Mwili hauna kazi yoyote na risasi, lakini huipokea kwa kuidhania kuwa ni kalisi, yaani madini ya kujenga mifupa. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kile anachomeza. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Ndiyo maana mtoto mwenye lishe duni huumia kuliko mwenzake, ingawa wanacheza kwenye ukuta mmoja.

Risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi. Mama aliyeimeza akiwa msichana anaweza kuitoa katika mifupa yake akiwa mjamzito, ikapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Dalili zake huiga magonjwa mengine: upungufu wa damu, kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo, kufunga choo, uchovu, hasira, kuchelewa kusema au kujifunza. Ikizidi sana huleta degedege na kupoteza fahamu. Mara nyingi hakuna dalili yoyote ya kuonekana kwa macho. Kipimo cha damu peke yake ndicho kinachoweza kusema.

NA HAPA KWETU KENYA?

Wakenya tumeijua risasi kwa uchungu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo, Phyllis Omido, alianza kupigania haki baada ya mwanawe kuugua na kupatikana na risasi katika damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Sumu ile ilitokana na moshi na taka za kiwanda, haikuwa ya rangi. Lakini risasi ni ileile, na mwili wa mtoto hauulizi imetoka wapi.

Kuhusu petroli, Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kuhusu rangi, tulichelewa zaidi. Katika miaka ya 2010, uchunguzi wa rangi za mafuta zilizonunuliwa madukani hapa nchini ulikuta baadhi yake zikiwa na risasi nyingi mno, hasa zile za rangi kali kama manjano na nyekundu. Baadaye Kenya na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi. Hiyo ni sawa na gramu 90 tu katika kilo 1,000 za rangi.

Hiyo ni hatua kubwa, na inafaa kushukuriwa. Lakini sheria mpya haibambui rangi ya zamani. Lango lililopakwa miaka 20 iliyopita bado liko pale. Kitanda cha chuma kilichopokezanwa na watoto watano bado kinalaliwa. Madawati ya shule ya chekechea, bembea, kabati la nyanya, fremu za madirisha ya nyumba ya kupanga: hatuwezi kujua kwa macho kama vina risasi. Na siku hizi iko mitindo ya kupamba samani ambapo fundi hupaka rangi mbili tatu, kisha hukwangua kingo kwa msasa ili kiti kionekane cha kale. Kwenye ubao mpya na rangi isiyo na risasi, pambo hilo halina shida. Kwenye samani kuukuu, msasa ule unafanya kazi ileile iliyofanywa na jua la Brisbane: unaisaga rangi ikawa unga.

TUFANYE NINI?

Kwanza, unaponunua rangi, soma kopo. Tafuta alama ya ubora ya KEBS na maandishi yanayosema haina risasi. Usinunue rangi iliyopimwa kutoka mtungi usio na jina, hata kama bei yake ni nafuu. Kwa ukuta wa ndani, rangi ya maji kwa kawaida ni salama zaidi kwa upande wa risasi kuliko rangi ya mafuta.

Pili, rangi ya zamani ikiwa bado imeshika vizuri, usiichokoze. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, iache ikauke, kisha paka rangi mpya juu yake.

Tatu, ikiwa inabambuka na ni lazima ikwanguliwe, isikwanguliwe ikiwa kavu. Lowesha kwa maji kwanza. Fundi afunike pua na mdomo, atandaze karatasi ya plastiki chini, na takataka zote zifungwe na kutupwa mbali na watoto na kuku. Isichomwe kwa moto wa gesi. Mama mjamzito na watoto wasiwepo mpaka chumba kipigwe deki kwa maji na sabuni.

Nne, usitumie mbao zilizopakwa rangi kama kuni. Mlango wa zamani ukiingia jikoni, risasi yake huingia kwenye moshi na majivu.

Tano, fundi wa rangi akirudi nyumbani, avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Sita, osha mikono ya mtoto kabla ya kula na kabla ya kulala. Panguza vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kwani ufagio mkavu hulitimua tu. Sogeza kitanda cha mtoto mbali na ukuta au dirisha linalobambuka.

Saba, mpe mtoto chakula chenye madini ya chuma na kalisi: maharagwe, ndengu, omena, mboga za kijani, maziwa, na nyama ukiweza. Ongeza machungwa au mapera ili mwili uyapokee madini ya chuma vizuri. Chakula hakiondoi risasi iliyokwisha kuingia, bali huipunguzia nafasi ya kuingia.

Nane, ukimwona mtoto akiguguna rangi, au nyumba ikikarabatiwa akiwemo, mweleze daktari waziwazi. Usiseme tu kwamba anaumwa na tumbo. Sema alikuwa karibu na rangi, uulize juu ya kipimo cha risasi katika damu. Na ikiwa unanyonyesha, usiache kwa woga. Pata kwanza ushauri wa daktari.

Ikiwa umepanga nyumba na rangi inabambuka, mwambie mwenye nyumba, na muwe wapangaji kadhaa mnaposema. Shuleni, peleka jambo hili katika mkutano wa wazazi.

KUMBUKA

Risasi haina harufu, na rangi iliyo nayo yaweza kuwa nzuri kuliko zote. Mtoto kutia mkono mdomoni si kosa la mtoto wala la mama yake. Madhara ya risasi katika ubongo hayana dawa ya kuyafuta, kwa hiyo kinga ndiyo tiba. Angalia nyumba yako kuanzia sakafuni hadi kimo cha mkono wa mtoto: hapo ndipo pa kuanzia.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni vitu gani nyumbani kwako, shuleni au kanisani na msikitini, vyenye rangi ya zamani inayobambuka, na ambavyo watoto hushika?

2. Kwa nini madaktari wa Brisbane walichelewa kujua sumu ilikotoka? Je, sisi nasi huenda tunatafuta mahali pasipo?

3. Kikundi chetu kinaweza kumwambia nini fundi wa rangi kabla hajaanza kazi?

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Kabla ya wiki ijayo, fanya jambo moja tu. Piga magoti au kaa chini sakafuni, pale mwanao anapochezea, utazame nyumba yako kutoka kimo chake. Utakachokiona kinabambuka, anza nacho. Kwaheri ya kuonana, na afya njema kwako na kwa watoto.